Siku Nilipokimbizwa kwa Sauti Yangu Mwenyewe

Watu wa Samuye, kijijini kwetu, wakitaka kucheka siku hizi hawahitaji pombe wala redio, wanasubiri tu nipite. Mimi niliwahi kufukiwa na udongo ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Geita, nikavutwa nje nimevimba uso kama mkate wa kumimina, tena bila suruali kwa sababu suruali ilibaki chini, na nawaambieni aibu ya siku ile haifiki hata robo ya hii. Nasimulia mwenyewe kwa kuwa nimechoka kusikia ikisimuliwa vibaya. Huko Katoro wanasema niliiba ng'ombe. Sikuiba ng'ombe. Ng'ombe alinunuliwa mnadani mchana kweupe, kwa amri ya Faraji, na jina la Faraji mtalisikia sana humu ndani kwa sababu yeye haoni haya na mimi sioni sababu ya kumfichia.

Faraji ndiye mwenye kampuni. Ofisi yetu iko Shinyanga mjini, juu ya duka la mabati na misumari, tunatengeneza programu za kompyuta na za simu: za wenye makarasha (zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu), za vyama vya tumbaku kule Ushetu, za minada ya ng'ombe. Nikisema tunatengeneza msinicheke, najua elimu yangu, ni darasa la saba, na hilo la saba nililimaliza nina ndevu. Nilichukuliwa kwa kazi moja. Mwenye karasha hawezi kumweleza kijana wa chuo aliyejipulizia manukato jinsi mawe yake yanavyoibwa usiku, lakini mimi nikikaa naye kwenye kiroba cha mchanga, tukala ugali, akajua nami nimewahi kula vumbi, atasema yote mpaka ya mke wake. Nikirudi ofisini namsimulia Revo, Revo anaandika. Huyu Revo, yaani Revocatus, kijana wa Geita, ndiye alikuwa kichwa cha ofisi, na chini yake kulikuwa na vijana wenzake wameziba masikio na vipokea sauti, wanaandika toka asubuhi mpaka macho mekundu, na mteja akitaka badiliko dogo tu tunamwambia asubiri mwezi, naye anasubiri, atakwenda wapi.

Halafu ikaja akili mnemba. Sisi ofisini tuliiita Mnemba tu, kama ndugu aliyekuja kukaa. Habari zake nilizipata kwa mwenye karasha mmoja wa Katoro, nimekwenda kumsikiliza shida zake kama kawaida, yeye ananitazama kwa huruma. Akaniambia mpwa wake alikaa na simu akaieleza mashine kwa Kiswahili anachotaka, hadi muda wa chakula cha mchana programu ikawa imekamilika, inafanya kama yetu na rangi zake zinapendeza kuliko zetu. "Kumbe Mzee Nkwabi mlikuwa mnatuchelewesha makusudi," akasema. Nikamalizia soda yake nikaondoka.

Wateja wakaanza kupukutika. Faraji akaenda semina Dar es Salaam, akarudi na maneno mapya, akatukusanya akasema, "Kuandika programu si kazi tena. Kazi sasa ni kujua watu wanataka nini." Vijana wakapiga makofi (mpaka leo sijui walidhani anamsema nani). Ndani ya muda mfupi viti vikabaki vitupu, Revo akaondoka wa mwisho, akakunja waya wa chaja yake taratibu, mlangoni akageuka akaniambia, "Mzee, chochote unachokiwasha hakikisha kina pa kuzimia." Nikamwona ana wivu. Mtu amefukuzwa kazi, mimi nimebaki, lazima aseme kitu.

Maana ndiyo, nilibaki mimi. Waliosoma wote nje, wa darasa la saba ndani. Kufukiwa nilipona, kupunguzwa nikapona. Faraji alinipa meza ya Revo karibu na dirisha, nikawa namweleza Mnemba kwa mdomo, naye anaandika, na sijisifu bure, ule mfumo wa tumbaku wa Ushetu nilioutengeneza kwa kuongea tu unafanya kazi hadi leo na wakulima wanaupenda kwa sababu unauliza maswali ambayo wao wenyewe wangeuliza. Kwa hiyo mjue nilikuwa juu. Tatizo la kuwa juu ni kwamba nilikuwa peke yangu huko juu: mimi ndiye fundi, mimi ndiye dereva, mimi ndiye mfagiaji, na chai ya ofisini ilikuwa maji ya moto tu yaliyowahi kusikia habari za majani, maana Faraji alikuwa anabana matumizi.

Sasa nije kwenye mwano.

Asiye wa kwetu huenda hajui. Ng'ombe wakiibiwa Usukumani mtu hatafuti namba ya polisi, anapiga mwano, ukelele unaotoka tumboni, na anayeusikia anauchukua, naye anaupiga, unaruka kijiji hadi kijiji, Sungusungu, walinzi wa kijiji, wanatoka na fimbo na mishale kuziba njia zote. Asiyetoka anatozwa. Na anayeupiga kwa uongo anatengwa, yeye na nyumba yake. Kutengwa si kupigwa, afadhali kupigwa. Unasalimia huitikiwi, hakuna wa kukupa moto wala kukuazima jembe, ukifiwa unazika na mkeo. Mimi naishi mjini, ningeweza kuvumilia, lakini mama yangu yuko Samuye, mzee, peke yake kwenye boma lake, na chakula chake kikubwa ni zile salamu za asubuhi, wanawake wanapita kwenda kisimani, "Mwangaluka mayu," naye anaitikia, anauliza watoto, anauliza mbuzi, mpaka jua linapanda. Mnyime ugali atakuvumilia. Mnyime salamu, nina hakika atakufa.

Faraji akasikia kuna shirika la Dar linatafuta mfumo wa kulinda mifugo, akaniambia nitengeneze. Nikamwambia hilo ni langu, nimezaliwa nalo. Nikakaa na Mnemba nikamweleza kila ninachojua kuhusu mwano, neno kwa neno: simu ya mtu iwe na sikio, ikisikia mwano iuchukue, nayo iupige, iupeleke mbele kwa simu zote za kijiji, isiulize ni nini, iwaonyeshe watu mwano unatokea upande gani. Mwenye simu ya kupangusa utalia wenyewe, mwenye kiswaswadu cha vitufe atapigiwa, asipopokea apigiwe tena. Mnemba akaandika, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Je, kuwe na njia ya kuzima tahadhari iwapo imetolewa kimakosa?"

Nikacheka, nakumbuka nilicheka kwa sauti peke yangu pale dirishani. Nikamjibu, "Kwetu hakuna mwano wa makosa. Mwano hauzimwi na mtu, unaisha watu wakifika wakaona." Akasema ameelewa. Na alielewa vizuri, ndiyo shida yake, alielewa kama nilivyosema. Akaweka swali la kubonyeza, kila mtu aulizwe umeona, na mpaka aseme nimeona simu yake hainyamazi.

Faraji alitaka king'ora kama cha gari la wagonjwa. Nikakataa, nani wa Samuye ataacha jembe kwa mlio wa simu, lazima uwe mwano wenyewe, wa mtu. Wa nani? Wangu, nani mwingine amebaki. Nikaenda porini na gari la kampuni, nikafunga vioo, nikajifunika blanketi kichwani na jua lile la Shinyanga, nikaupiga kwa sauti ya chini nisisikike, Mnemba akaukuza. (Kuna mchunga mbuzi aliniona natoka kwenye blanketi natweta jasho. Huyo naye alitoa ushahidi baadaye.) Kisha nikapita Samuye boma kwa boma nikiuingiza kwenye simu za watu, nikapokewa kama mchungaji wa kanisa, na Mzee Luhende mwenyewe, mtemi wa Sungusungu, akanishika bega akasema, "Nkwabi, vijana wa siku hizi hawatoki kwenye mwano. Labda simu itawatoa." Nikamwambia itawatoa, mzee. Kwa hilo sikukosea.

Siku ya kumwonyesha mgeni ikafika. Nikaenda uwanja wa ndege Ibadakuli kumpokea, dada mmoja wa lile shirika anaitwa Salome, mchangamfu, amevaa raba kama mtu anayejua anakokwenda. Faraji alikuwa kiti cha mbele na koti la suti, simu yake ameichomeka kwenye kishikizo juu ya dashibodi, ina mfumo wetu ndani, tayari kwa kuonyesha. Na nyuma, kwenye bodi ya pikapu, akaja kupakiwa dume wa ng'ombe. Hapo ndipo namtaja Faraji mara ya pili kwa ubaya. Nilimwambia ng'ombe wa karamu apelekwe jana yake kwa miguu kama watu wenye heshima, yeye akasema tusilipe mchungaji, gari si linakwenda huko huko, tumpitie tukitoka uwanjani. Tukampitia. Salome akamtazama kupitia kioo cha nyuma akasema, "Na huyu mfanyakazi mwenzenu anaitwa nani?" Nikasema huyo ndiye pekee aliyeajiriwa mwaka huu.

Alicheka, na kucheka kwake kuliniharibu. Unajua mtu wa Dar akikucheka vizuri unajiona na wewe umefika. Tukavuka mji, tukaipita njia ya Tinde, tumekaribia Samuye mashamba yanaonekana, akasema, "Baba, huo mwano wenyewe unakuwaje? Nitauelewaje mkiuonyesha?" Jibu zuri lilikuwa subiri tufike. Mimi nikasema nitakusikilizisha kidogo tu. Kidogo tu, nikatoa simu yangu, nikatafuta ile sauti niliyoirekodi, nikaifungulia.

Nisikilizeni vizuri. Simu yangu ilipiga sauti tu, kama unavyopiga muziki. Simu iliyousikia mwano, ikauchukua, ikaupeleka kijiji kizima, ni ya Faraji pale kwenye dashibodi. Ya Faraji. Nimelisema hili mbele ya watu wengi na nitalisema tena.

Ikaanza kulia, kioo chekundu. Nikafunga yangu haraka, ya Faraji ikaendelea. Faraji akabonyeza huku na huku, ikatoka sauti, sauti yangu mimi kama nilivyomjibu Mnemba siku ile, na lafudhi yangu yote ya Kisukuma, ikasema, "Mwano hauzimwi na mtu. Unaisha watu wakifika wakaona."

"Izime," akasema Faraji.

"Si umeisikia," nikasema.

"Umeiweka wewe, itoe wewe."

Pembeni ya barabara kulikuwa na mama na ndoo kichwani. Nilimwona akiishusha ndoo, akatoa simu kwenye pindo la kanga, akaitazama, akatazama gari letu, akatazama ng'ombe. Kisha akaangua ukelele kwa mdomo wake mwenyewe, wa kweli, usio na haja ya umeme. Mbele yetu wanaume wakaanza kutoka mashambani, mmoja mmoja, bila kukimbia kwanza, kama watu wanaohesabu.

Nikasimamisha gari nikampigia Revo. Nyuma yake nilisikia makarasha yanasaga, kumbe yuko Katoro anatengeneza programu na mpwa wa yule mwenye karasha, wamefungua kampuni yao.

"Shikamoo Mzee Nkwabi."

"Marahaba. Revo, nina mwano haunyamazi."

"Uliweka pa kuzimia?"

"Kwetu mwano hauna pa kuzimia."

Akasema, "Basi mzee, kijana wenu si Mnemba? Muulizeni yeye," akakata. Huyo ni wa pili kwenye orodha yangu.

Nikamuuliza Mnemba, nifanyeje. Akanijibu kwa upole uleule kwamba anaweza kuandika njia ya kuzima sasa hivi, ila itabidi iingizwe kwenye simu moja moja kwa mkono, kwa kuwa nilimwagiza mfumo usiweze kuguswa kutoka mbali, mwizi asije akauzima. Nilikuwa nimemwagiza hivyo kweli. Nilikuwa nimefikiria mwizi kwa kila upande, sikujifikiria mimi.

"Geuza gari," akasema Faraji.

"Tukimbie mwano na ng'ombe nyuma?"

"Nkwabi, mimi ndiye bosi. Geuza."

Nikageuza (nami nilikuwa natafuta mtu wa kuniamuru). Gurudumu la nyuma likaingia kwenye mtaro, gari likakaa upande, ng'ombe akalia kwa uchungu kama shahidi wa serikali. Hapo ndipo watu walianza kukimbia.

Walikuja toka pande zote, na kila mmoja mfukoni mwake nalia mimi. Jaribuni kuona jambo hilo. Kundi zima la watu wenye fimbo, mishale na majembe, na kutoka kwenye mashati yao, kwenye kanga zao, kwenye makoti ya mvua, sauti yangu inapiga kelele kwamba kuna mwizi, na mwizi ni mimi. Wakatuamuru tushuke tukae chini. Tukakaa. Salome alikaa vizuri, akakunja miguu. Mimi nilikaa kwenye kinyesi cha ng'ombe na sikuthubutu kuhama.

Faraji akanyoosha mikono akasema, "Jamani mimi ni abiria tu. Nimeomba lifti."

Na koti la suti. Niliwaza kumtazama lakini nikaona macho yangu yana kazi nyingine.

Mzee Luhende akapasua kundi la watu, mrefu, mkononi upinde. Akamtazama Salome. "Wewe mama wa wapi?"

"Mzaramo," akasema Salome. "Watani zangu, ndiyo mnavyopokea wageni kwa mishale?"

"Mzaramo akionekana karibu na ng'ombe lazima tupige mwano," akasema Luhende, watu wakacheka, naye Salome akacheka, wakampa kigoda cha mtu aliyekuja nacho sijui kwa vita gani. Nikadhani yameisha. Nami nikacheka kidogo.

"Wewe unacheka nini," akasema Luhende.

Nikaacha.

Ndipo nikamwona mama. Anakuja nyuma ya watu wote, hana viatu, kitambaa kimemtoka kichwani nywele nyeupe wazi (sijawahi kuziona nywele za mama yangu hadharani), mkononi ana mchi wa kinu. Alikuwa amekimbia toka bomani. Watu wakampisha. Akafika akasimama juu yangu anatweta, akaushusha mchi taratibu, akasema, "Ng'wanawane, si unauawa?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa. Wenzake walisikia mwano. Yeye alipokea kiswaswadu chake akasikia mtoto wake analia. Alikitupa akachukua mchi.

"Siuawi, mama," nikasema.

"Basi unalia nini?"

Baraza likakaa palepale barabarani. Nilisimama nikaeleza kila kitu, simu ya Faraji, Mnemba, Revo, sikio la simu, na nilieleza vizuri, niseme ukweli, kuongea ni kazi yangu. Nikamaliza kwa kusema kwamba aliyepiga mwano wa uongo ni mashine. Mzee Luhende alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashine ina boma Samuye?"

"Hapana, mzee."

"Ikifiwa tutaizikia?"

"Haifiwi."

"Tukiitenga itajua kwamba imetengwa?"

Simu zote zilikuwa zinaendelea kulia, nikajisikia nikipiga kelele mifukoni mwa majaji wangu.

"Na hii sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya mwanangu," akasema mama, na aliisema kwa nguvu, kana kwamba kuna aliyekuwa anabisha.

Mtu mmoja akasema sheria ni sheria, atengwe, na nyumba yake. Mama alikuwa amejifunga kitambaa upya, ameshika mchi wake wima, haniangalii. Mzee Luhende akawatazama vijana wa Samuye waliosimama pale na fimbo, vijana ambao hawatoki kwenye mwano, wote wametoka, mpaka wale wa bodaboda. Nadhani ndio walioniokoa kwa kutoka kwao. Akasema, "Kwanza unyamaze. Unanyamazaje?"

Nikamwambia unavyonyamaza. Mtu afike, aone, abonyeze.

"Basi wafike waone," akasema.

Nikaketishwa kwenye mtaro karibu na ng'ombe, na Samuye nzima ikapanga mstari. Mmoja mmoja alifika mbele yangu, akainama akanitazama usoni kwa haki, kama anayetazama maiti kanisani, akabonyeza, simu yake ikanyamaza, akapita. Mwingine. Walikuwamo niliosoma nao. Alikuwamo mwanamke niliyewahi kumposa akanikataa, huyo alitazama zaidi ya wengine. Yule mchunga mbuzi akasema, "Ndiye huyu huyu wa blanketi," akabonyeza. Mwano ukawa unapungua hivyo, simu kwa simu, nikisikia kabisa ninavyonyamaza, mpaka ikabaki ya Faraji. Mzee Luhende akamwita, "Na wewe abiria, njoo uone." Akaja, akanitazama, akabonyeza. Niliyahifadhi macho yake yale.

Hukumu ikawa ng'ombe achinjwe aliwe, hiyo haikuumiza mtu, alikuwa wa kuliwa. Ya pili ilinihusu. Nimetengwa, mimi na nyumba yangu, hadi nipite boma kwa boma niingize pa kuzimia kwenye kila simu kwa mkono wangu, na boma nitakalomaliza ndilo litakaloanza kutusalimia. "Uanze na wanaoishi mbali," akasema Mzee Luhende. Yaani wa karibu na mama wawe wa mwisho.

Nilianza palepale, na kila siku baada ya hapo. Nafika bomani, "Shikamoo mzee," kimya, wananyoosha simu tu kama wanampa fundi redio. Nakaa chini, naingiza, najaribu, inazima, narudisha kwa mikono miwili, ndipo mzee anakohoa na kusema, "Marahaba. Habari za mjini?" Sijawahi kuisikia marahaba tamu kama zile. Asubuhi wanawake walipita mbele ya boma la mama bila neno, naye alitoka akakaa kwenye kigoda chake vilevile, saa ileile, akiwaangalia wakipita. Hakuniambia nifanye haraka. Nilifanya haraka.

Boma la mwisho lilikuwa lake. Nilikwenda jioni moja kutoka kwa jirani, nikasimama kizingitini, "Shikamoo mama." Kimya. Na yeye ni wa Samuye, hukumu ni hukumu. Kiswaswadu chake kilikuwa chini ya mto wa kitanda alikokitupa siku ile, kilikufa chaji, nikakichomeka kwenye betri ya sola, kikawaka, na palepale kikaita, maana yeye peke yake hakuwa amebonyeza siku ile mtaroni, alikuwa na mchi tu. Nikampa. Akapokea akaweka sikioni, akausikiliza mwano wote, mimi ninalia ndani ya kile kisimu na mimi nimesimama mbele yake. Ukafika mwisho, ukauliza, umeona? Akanitazama, kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka, kama mtu anayemtafuta ng'ombe wake kwenye kundi la ng'ombe wa watu. Akabonyeza.

"Marahaba," akasema. "Kaa ule."

Kesho yake asubuhi mama na wanawake wa kisimani waliongea mpaka nikachoka kusikiliza.

Salome aliandika huko kwao kwamba hajawahi kuona mfumo unaoitikiwa na watu namna ile, shirika likaukubali, na sasa Faraji akienda kwenye semina anasimulia kwamba lile lilikuwa jaribio tulilolipanga. Abiria. Kampuni imesimama tena, imemrudisha hata Revo kwa siku kadhaa za wiki, anapitia ninachotengeneza kabla hakijawashwa, ananiita mzee kwa adabu na hacheki mbele yangu. Mimi bado niko kwenye meza ya dirishani na bado ni hodari, asiyeamini aende Ushetu akaulize. Ila Mnemba akiniuliza kama kuwe na njia ya kuzima, namjibu ndiyo kabla hajafika nukta.

Wiki iliyopita Faraji amekuja na kazi mpya, wenye maduara ya Geita wanataka mfumo wa kuwaita watu udongo ukianza kushuka, akaniambia kwa jinsi mwano wangu ulivyofanya vizuri, turekodi tena. Nimemwambia nitautengeneza, kufukiwa nakujua kuliko Mnemba na semina zake zote. Lakini sauti yangu haitaingia tena kwenye simu ya mtu yeyote ambaye mama yake bado yuko hai.

"Safari hii," nimemwambia, "iwe yako." Nimemwekea blanketi kwenye gari.